Uzi wa Kijani Nilioukata

MAELEZO YA PILI YA SHAHIDI
Anajulikana kama: Mama Pindo. Umri: miaka 51. Kazi: mshonaji wa nguo. Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Maelezo niliyotoa hapa kituoni jana yana uongo, na uongo huo ni wangu.

Jana hiyo, tarehe 9, saa tatu asubuhi, nilipeleka spika za kompyuta kwa fundi tunayemwita Taratibu. Macho ya mume wangu yamefifia, kompyuta ndiyo humsomea magazeti, na spika zilikuwa zinakoroma tu. Fundi aligusisha betri kwenye nyaya. Moja ikajibu "tap", nyingine kimya. Akaifungua, akakuta waya umekatika karibu na kitufe cha sauti, akayeyusha risasi kwa pasi ya kuchomelea, akauunganisha. Zikalia vizuri mbele yangu. Kisha akafunga uzi wa kijani kwenye pini ya waya wa spika, akasema, "Mama, hii iingie tundu la kijani la kompyuta. Usiutoe uzi."

Saa nane mchana, nyumbani, niliukata. Afande, mimi uzi unaoning'inia siuachi, mkono unakwenda wenyewe. Nikachomeka pini tundu la pembeni. Kimya.

Nikarudi, nikamjia juu mbele ya wateja wake. Nikasema amebadilisha vifaa vizuri vya ndani kwa vibovu wakati wa kufunga. Akaniuliza, "Mama, uzi uko wapi?" Nikasema, "Uzi gani? Hukufunga uzi wowote." Nilikuwa nakumbuka vizuri sana. Watu walikuwa wananitazama, na mdomo wangu hauna breki. Nikaja hapa, nikarudia yale yale, nikatia sahihi. Mkaenda kumkamata mezani kwake, pasi ya kuchomelea ingali ya moto.

Leo saa moja asubuhi binti yangu alihamishia pini tundu la kijani. Zikalia. Mume wangu akasema, "Huyo ni fundi kweli, mkamshukuru." Nikaiacha chai mezani, nikaja.

Nilipoingia hapa nimemwona nyuma ya nondo, bila viatu. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu: "Shikamoo, mama. Mzee anasikia magazeti?"

Nimesema yote, sina la kujitetea.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea, amekubali. Ameelezwa kuwa taarifa ya uongo ni kosa. Amekabidhi kielelezo: kipande cha uzi wa kijani, alichokiokota chini ya cherehani yake. Fundi anaachiwa saa nne na dakika kumi. Shahidi ameruhusiwa kuondoka. Amekataa kutoka kabla ya fundi.