Mijusi Tisa Wasio na Kwao

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mguu umepungua uvimbe? Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Kazi uliyonitafutia kwenye ghala la makumbusho ni ya kupanga mijusi kafiri, wale wa ukutani, ndani ya chupa za spiriti. Kumbe wana koo nyingi! Wengi hawawezi kufumba macho. Lakini iko familia moja yenye kope, na ndugu zake wametawanyika mabara matatu, mbalimbali kabisa. Nikamuuliza mkuu wangu, tunamwita Bwana Chupa, walifikaje huko. Akasema, "Ukijua, niambie." Sijui kama alitania.

Ananitazama miezi mitatu, ndipo aamue kuniajiri.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umekubali kiatu. Sasa wewe, mijusi wamekufa, wanakubabaisha nini? Wateja wangu wa kushonewa nguo wako hai na wanabadilisha vipimo kila wiki! Uliza, usijifunge mdomo kama kabati.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijui kama ni mzima.

Kila mjusi ana lebo iliyofungwa mguuni kwa uzi, imeandikwa alikokamatwa. Za wale wenye kope zilikuwa zimefifia. Nikazikata zote tisa ili nizinakili kwa mwandiko mzuri. Nilipomaliza, sikujua ipi ni ya nani. Nikabahatisha.

Bwana Chupa akachomeka pini kwenye ramani kwa kufuata lebo zangu, akaruka kwa furaha! Mjusi mmoja ametokea mahali ambapo aina yake haijawahi kuonekana. Siku nzima anapiga mluzi. Anaandika makala, ataituma mwisho wa mwezi. Labda nilibahatisha sawasawa? Au ni mimi niliyemhamisha? Nikisema, kazi sina.

Mwanao

7 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Mwambie kabla hajatuma. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufukuza, simjui. Lakini jina litakaloaibika ni lake, na hana habari.

Shangazi yako

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, barua yako niliikalia wiki mbili. Jana Bwana Chupa alikuwa akitafuta stempu ili atume makala, nikamwambia.

"Wote tisa?" akauliza.

"Wote."

Akaenda kwenye ramani, akang'oa pini moja. Akazitazama nyingine. Akang'oa na nane zilizobaki. Akaniwekea lebo mpya niandike "Mahali hapajulikani", chini yake sababu, kisha jina langu. Mara tisa. Akaondoka bila kuaga.

Leo nimekwenda hivyo hivyo. Hakuniambia niondoke, wala nibaki. Alisukuma chupa nyingine mezani kwangu, akasimama nyuma ya kiti, akaniamuru nisome lebo kwa sauti kabla sijagusa kitu. Sielewi kama hiyo ni adhabu au ni kazi.

Nikasoma. Akasema, "Haya, soma ya pili."

Mwanao