Kikao cha Kuhesabu Waliobaki

KAMATI YA MAENDELEO YA KITONGOJI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA (CHA DHARURA)

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Darasa la Tatu, shule ya msingi (darasa halina wanafunzi tangu mwaka juzi)
Muda: Kilipangwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:10

WALIOHUDHURIA
1. Mwalimu Mkuu mstaafu – Mwenyekiti
2. Karani wa Posta mstaafu – Katibu
3. Fundi Seremala – Mjumbe, mhesabuji wa upande wa Chini
4. Mama Cherehani – Mjumbe, mhesabuji wa upande wa Juu
5. Nesi wa zahanati – Mwalikwa

AMBAYE HAKUHUDHURIA
1. Mwenye Mashine ya Kusaga – Mjumbe. Bila udhuru, mara ya tano mfululizo.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya wajumbe kuhangaika kutafuta madawati ya kuwatosha. Fundi Seremala aliwakumbusha kwamba madawati hayo aliyatengeneza yeye kwa ajili ya watoto wa miaka tisa, kwa hiyo malalamiko ya magoti asipelekewe. Mwenyekiti alisema enzi zake darasa hili lilikaa watoto hamsini na wanne, watatu watatu kwa dawati, na wakianza kuimba jedwali la kuzidisha la saba walisikika hadi kisimani. Mama Cherehani alisema sare za hao hamsini na wanne alizishona yeye, na kila shule zikikaribia kufunguliwa alishinda na kulala akiwa na pini mdomoni.

Mwenyekiti aliomba turudi kwenye ajenda. Ieleweke kwamba aliyeanza ni yeye.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA

Mwenyekiti alieleza kwamba kumbukumbu za kikao kilichopita zilikuwa na ukurasa mzima na nusu kuhusu foleni ya dirisha la posta, jambo ambalo halikuwa ajenda. Katibu alijibu kwamba mjumbe mmoja aliuliza zamani barua zilikuwa zinafika siku gani, naye akajibu kikamilifu. Mwenyekiti alielekeza sehemu hiyo iondolewe. Iliondolewa.

Katibu anaomba iandikwe tu kwamba barua zilikuwa zinafika Jumanne na Ijumaa, na foleni ilitoka dirishani ikafika mlango wa duka.

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: BARUA KUTOKA WILAYANI

Mwenyekiti alisoma barua ya wilaya. Kwa ufupi, kitongoji chenye wakazi wasiofika mia mbili hakitakuwa tena na zahanati yake. Muuguzi, dawa na kitanda cha kujifungulia vitahamishiwa zahanati ya barabarani, umbali wa kilomita kumi na moja. Idadi ya watu na nyumba ipelekwe kabla ya Jumatatu, ikiwa imesainiwa na Mwenyekiti wa Kamati pamoja na muuguzi.

Mama Cherehani aliuliza kama wanaoandika barua hizo wamewahi kutembea hizo kilomita kumi na moja. Mwenyekiti alisema swali hilo halimo kwenye barua.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi baadaye: mume wa Mama Cherehani, aliyekuwa dereva wa trekta, alipata kiharusi na sasa ni mwaka wa pili hajanyanyuka kitandani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, Nesi hupita kumgeuza na kumsafisha vidonda vya mgongo. Hakuna namna ya kumfikisha barabarani mtu wa hali hiyo kila siku. Wajumbe wote walilijua hili wakati barua inasomwa, na hakuna aliyemtazama Mama Cherehani usoni.

KUMB. NA. 4/7: TAARIFA YA WAHESABUJI

Mama Cherehani alitoa taarifa ya upande wa Juu: nyumba 30, watu 118. Fundi Seremala alitoa taarifa ya upande wa Chini: nyumba 28, watu 113. Jumla nyumba 58 na watu 231. Mwenyekiti alishusha pumzi, akasema mambo yamenyooka, zahanati haiendi popote. Makofi yalipigwa.

Nesi, alipopewa nafasi, alisema anaomba radhi kuharibu furaha ya kikao. Daftari lake la zahanati halifiki hata mia na sitini, na humo ameandika kila aliyekohoa kwa mwaka mzima. Aliuliza hesabu imefanywaje.

Fundi Seremala alieleza kwamba hakuona sababu ya kugonga milango ya watu. Kila kitanda cha upande wa Chini kimetoka kwenye karakana yake, na daftari la oda analo tangu siku ya kwanza. Cha futi tatu ni mtu mmoja, cha futi tano ni mume na mke, dabo deka ni watoto wawili. Aliandika majina ya wenye vitanda, akajumlisha. "Vitanda vyangu havidanganyi," alisema. Nesi alimuuliza kama vitanda hivyo vinasema nani bado anavilalia. Fundi alisema hilo si swali la seremala.

Mama Cherehani alisema yeye alifanya kazi ya kweli. Aligonga kila mlango, akauliza, "Hapa mko wangapi?", akaandika alichojibiwa; penye kufuli alimuuliza jirani. Katibu aliomba mfano. Ilisomwa nyumba ya kwanza juu ya kisima, anapoishi bibi mmoja peke yake na kuku wake. Bibi huyo alijibu tisa. Aliwataja kwa majina, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, na aliyeko mbali kuliko wote akamtaja mara mbili kwa bahati mbaya.

Kikao kilicheka. Kisha kikaacha kucheka, maana kila mjumbe aliyeulizwa alikuwa amejibu hivyo hivyo nyumbani kwake.

Nesi alisoma kwenye barua kwamba mkazi ni mtu aliyelala katika nyumba hiyo si chini ya miezi sita ndani ya mwaka mmoja uliopita. Alisema hawezi kusaini 231. Dawa za watu 231 zikija, nyingine zitaharibika stoo, na atakayeulizwa ni yeye.

Hapo Mama Cherehani alikuja juu. Alisema, "Sema tu umetuchoka, Nesi. Unataka barabarani kwenye umeme na maduka. Sisi tubaki hapa na wagonjwa wetu tukiwapepea." Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Mama Cherehani alisema yaandikwe, tena kama yalivyo. Yameandikwa.



KUMB. NA. 5/7: KUHESABU UPYA, NYUMBA KWA NYUMBA

Iliamuliwa orodha isomwe upya, jina kwa jina, na wasiolala hapa wafutwe. Katibu alipewa rula na kalamu nyekundu. Katibu alichambua barua za kitongoji hiki kwa miaka ishirini na sita, na karibu kila jina lililosomwa aliwahi kuliona juu ya bahasha. Alikuwa anajua nani anaandika kwa mkono wa kulia na nani wa kushoto, na bahasha za nani zinanukia mapenzi kabla wazazi hawajajua. Mwenyekiti alimtaka asome majina bila maelezo.

Nyumba ya Mwenye Mashine: watu wanane kwenye orodha, kufuli mlangoni. Fundi Seremala alieleza kwamba Mwenye Mashine alihamia mjini kwa mwanawe tangu mwezi wa pili, akaondoka alfajiri bila kumuaga mtu, kwa sababu aliogopa kulia. Mwenyekiti aliuliza kwa nini basi kila kikao anaandikwa hana udhuru. Katibu alisema hakuna aliyemletea taarifa rasmi. Wajumbe walikumbuka jinsi mashine ile ilivyokuwa inanguruma kuanzia saa moja, na kina mama walivyokuwa wanapigiana kelele kwenye foleni ili wasikike, na sasa wamezoea kupiga kelele hivyo hivyo hata palipo kimya. Wanane walifutwa.

Nyumba ya Mwenyekiti: saba. Mwenyekiti, ambaye hadi hapo alikuwa anahimiza ukweli na kasi, aliomba nyumba yake irukwe kwanza, itarudiwa mwishoni. Fundi alisema hakuna cha kurukwa. Mwenyekiti alisema binti yake wa pili huja kila likizo. Aliulizwa likizo ni miezi mingapi. Mwenyekiti alihesabu kwa vidole, akaanza upya, kisha akasema, "Haya, futeni." Walibaki wawili, yeye na mama watoto. Aliomba dakika moja nje kuangalia kama mvua inakuja. Mvua haikuwa inakuja.

Nyumba ya Katibu: wawili, kwa mujibu wa kitanda cha futi tano kilichomo kwenye daftari la oda. Katibu alieleza kwamba mkewe amefariki huu mwaka wa nne, na akaomba afutwe. Fundi alisema, "Samahani, ndugu yangu, mimi nilisoma kitanda tu." Katibu alisema anaelewa. Alifutwa kwa rula kama wengine. Katibu hana la kuongeza isipokuwa kwamba mstari ulitoka umepinda.

Nyumba ya Mama Cherehani: sita. Yeye, mume wake na watoto wanne. Watatu wa mwisho aliwafuta mwenyewe kwa mdomo, haraka haraka. Kwa mkubwa alisimama. Alisema huyo asiguswe. Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba kijana huyo ana miaka kumi na mmoja hajalala hapa, kazi yake iko huko, mke wake yuko huko na watoto wake hawajui hata njia ya kuja. Mama Cherehani alisema chumba chake anakifagia kila Jumamosi, shuka anabadilisha, na viatu vyake vya mpira viko chini ya kitanda. "Mtu wa kuhama anaacha viatu?" aliuliza.

Nesi alisema, "Mama, mimi ndiye ninayeingia humo ndani kila asubuhi. Mko wawili." Mama Cherehani akamwambia Katibu, "Futa basi."

Kazi ya kufuta iliendelea hadi saa 6:40.

KUMB. NA. 6/7: HESABU KAMILI NA UAMUZI

Waliofutwa upande wa Juu ni 37, wakabaki 81. Waliofutwa upande wa Chini ni 38, wakabaki 75. Jumla ya wakazi ni 156. Nyumba zinazokaliwa ni 39, zenye kufuli ni 19.

Fundi Seremala alipendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi ya kwanza bado ipo na ni safi kuliko hii yenye mistari. Mwenyekiti alisema amefundisha hesabu kwenye darasa hili miaka thelathini na mmoja, akawachapa watoto wa watu kwa majibu ya kunakili. Hawezi kuanza leo. Alisaini 156. Nesi naye alisaini.

AZIMIO: Idadi ya 156 ipelekwe wilayani. Wajumbe walikubali kwa shingo upande. Mama Cherehani hakunyoosha mkono upande wowote.

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO

Nesi aliomba kuuliza jambo. Alisema amesikiliza orodha nzima tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na hakusikia jina lake.

Katibu alipekua kurasa zote. Ni kweli halikuwamo. Fundi Seremala alisema kitanda cha nyumba ya zahanati kililetwa na serikali, hakimo kwenye daftari lake. Mama Cherehani alisema alipita mbele ya mlango ule, ila hakugonga, kwa kuwa Nesi ni wa wilaya. Mwenyekiti alimuuliza Nesi amekaa hapa muda gani. Nesi alisema miaka kumi na tisa, na kwamba baadhi ya vijana waliofutwa leo aliwapokea yeye walipozaliwa.

Mwenyekiti aliomba radhi kwa niaba ya Kamati, kisha akaeleza kwamba hata akiongezwa watakuwa 157, na barua inataka mia mbili.

Nesi alijibu, "Najua, Mwalimu. Si kwa ajili ya barua." Alieleza kwamba zahanati ikihama, nyumba ya watumishi nayo itafungwa, na yeye atafanya kazi barabarani kama alivyoagizwa. Lakini kulala, anataka kulala hapa. Ana baiskeli. Akitoka saa kumi na mbili na nusu anafika kazini kwa wakati, na kabla ya kutoka ana mgonjwa mmoja wa kupitia. Aliuliza kama katika nyumba hizi kumi na tisa zenye kufuli kuna mwenye ufunguo anayeweza kumsaidia chumba.

Fundi alianza kutaja nyumba ya Mwenye Mashine. Mama Cherehani alimkatiza. Alisema, "Akae kwenye upweke ule afanye nini? Chumba cha mkubwa wangu kipo. Kimefagiwa leo asubuhi." Kisha, bila kumtazama, alimwambia Nesi, "Viatu tutavitoa. Wewe njoo, mwanangu. Na yale maneno yangu ya mwanzo..."

Nesi alimwambia, "Yameshaandikwa, mama. Yaache."

Katibu alimwambia Mwenyekiti kwamba 156 imeshasainiwa. Mwenyekiti aliichukua karatasi, akakata idadi hiyo, akaandika 157 juu yake, akasaini pembeni. Katibu alimuuliza Mama Cherehani, ili orodha ikae sawa, nyumbani kwake aandike wangapi.

Mama Cherehani alijibu, "Watatu."

Kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine ya kusoma, kikao kilifungwa saa 7:25 mchana.

................................
Mwenyekiti

................................
Katibu