Gramu za Kitindamimba

Jumatatu, 4 Machi

Nimemtoa hospitali saa nne asubuhi. Kitindamimba wetu. Miaka thelathini na mmoja, kilo 51 na viatu. Siku kumi na mbili tangu ajaribu kujiua. Nimeliandika neno, basi. Ukoo mzima unasema "ule ugonjwa".

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi, hapendi mafumbo. Kanionyesha karatasi ya damu: vitamini B12 chini sana, madini ya chuma chini. Tumbo halifyonzi vizuri, na tangu afukuzwe kazi ya umeme ameishi kwa chai ya rangi na biskuti. Kasema damu peke yake haikuleta haya wala haitayaondoa, ila ubongo wenye njaa haupigani vizuri. Basi: sindano, vidonge, chakula, usingizi. Na nimuulize wazi, kila siku, kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani, kasema.

La chakula nimelielewa. Nachanganya chakula cha kuku mwaka wa kumi na nne sasa. Vidonge nimevifungia kiwandani kwangu, nampa cha siku tu.

Jumatano, 6 Machi

Kuku wakianza kudonoana, mfugaji mjinga huwapigia kelele. Mwenye akili huangalia kwanza chumvi na protini.

Nimempangia: mayai mawili kila asubuhi, maini mara mbili kwa wiki, samaki, maharage, mboga za majani, maziwa. Mizani ndogo ninayopimia vitamini za kuku nimeileta jikoni. Sahani napima ikienda, napima ikirudi. Mchana: imekwenda na gramu 520, imerudi na 35. Daftari la kijani, ukurasa wa kwanza.

Anasema "asante, Dada" kila mara. Kama mgeni.

Jumapili, 10 Machi

Wa Pili, mdogo wangu anayenifuata, kapiga simu. Dakika nne. Kasema nimkaze, mwanamume hadekezwi. Nikamwambia njoo umkaze wewe, chumba kipo. Mtandao ukakatika. Mtandao wake hukatika palepale siku zote.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Alhamisi, 14 Machi

Hesabu zimekataa.

Siku tisa sahani zinarudi tupu, kama zimelambwa. Mizani ya magunia inasema kilo 50.4. Banda likila bila kunenepa, ni minyoo au ni panya. Minyoo hospitali walipima, hakuna. Kwa hiyo panya.

Saa saba nimerudi nyumbani bila kuaga kiwandani. Nyuma ya jiko: Kitindamimba kachuchumaa, sahani chini, mbwa wa jirani anamaliza maini. Mbwa kanona, kweli. Manyoya yanang'aa!

Nimerudi kazini nikatia chumvi mara mbili kwenye mchanganyiko. Kilo mia mbili zimemwagwa. Msagaji wangu, mzee wa watu, kaniuliza kama naumwa. Nikasema mashine inaumwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemwambia. Kwa utulivu, nadhani. Halafu si kwa utulivu. Kwamba mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba na yeye minane. Kwamba niliacha shule nikabeba magunia ya kilo hamsini, mimi ninayeitwa bosi leo. Kwamba nimelisha watu wanne na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nimekula nini. Na maini yangu anakula mbwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia alikwishaliona daftari la kijani, siku ya tatu tu. Chakula hakipiti, koo linakataa. Lakini aliona ninavyofurahi sahani ikirudi nyepesi, hakutaka kuniharibia hesabu.

Nikamwuliza kwa nini asiseme.

"Dada, kuku unampima kwa sababu hasemi," alisema. "Mimi nasema. Hujaniuliza."

Kaingia chumbani kwake. Kitasa cha mlango huo nilikitoa mwenyewe siku aliyokuja, hivyo alirudishia tu.

Jumapili, 17 Machi

Uji, nusu kikombe, kila baada ya saa mbili. Daktari ndiye aliyeshauri hivyo kwa simu. Unapita.

Sikuuliza.

Jumanne, 26 Machi

Vipimo. B12 imepanda. Chuma kinajikokota. Kilo 51.8. Usingizi wa saa tano kwa usiku, ulikuwa tatu. Nilitaka kuandika zote hapohapo.

Daktari kanitoa upepo. Kasema damu inakwenda vizuri, na ndiyo maana sasa nimwangalie zaidi: nguvu za mwili zikitangulia mbele ya moyo, hapo pana hatari. Akaniuliza kama namuuliza kila siku.

Nikasema ndiyo.

Kitindamimba alikuwa kiti cha pili. Alinitazama, akatazama viatu vyake. Hakunisuta. Afadhali angenisuta.

Jumatano, 27 Machi

Nimefunga kiwanda saa sita. Miaka kumi na minne sijawahi. Msagaji kauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, ndiyo maana nafunga.

Nimekaa naye mezani. Sikuwa na njia ya kuzunguka. Nikauliza: unafikiria kufa?

Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa sauti yangu mwenyewe. Akaweka kijiko chini. Kasema leo mara mbili. Jana ilikuwa zaidi. Asubuhi kabla ya jua ndiyo mbaya, mimi nikiwa nimeshaondoka kwenda kuwasha mashine.

Mkono ukaenda kwenye kalamu wenyewe. Kauona, kacheka. Cheko fupi, la pua, lakini cheko.

Nikauliza tena, kama kuna lingine ambalo hajaniambia. Akasema lipo, na hata daktari hajamwambia: ameanza kupanga siku ya kufa.

Sikumkemea. Nimempigia daktari yeye akiwa amekaa hapohapo, asikie kila neno. Kasema tuje sasa hivi, wote wawili, nisimwache peke yake hata kidogo. Kwa hiyo naandika nimesimama ukumbini, namwona anafunga kamba za viatu, mlango wazi. Gari la magunia linanguruma nje, Msagaji, niliyemwita kwa simu, kashika usukani.

Sahani yake iko mezani, imebaki nusu hivi. Mizani iko pembeni yake. Sijapima.

Anauliza kama naja.