Mabuti ya shemeji Korbinian

Burgi, nimeaibika leo, we acha tu!

Yale mabuti ya plastiki ya kuskii, kutelezea thelujini, aliyoniuzia shemeji Korbinian, akiapa yanavulika kama ndala? Yamekataa kutoka! Wanaume watatu wamenivuta mkahawani huku mlimani, nikaburutwa mpaka chini ya meza ya padri.

Na muuzaji mwenyewe anacheka! "Shemeji, buti halina kosa, mguu wako ndio umenenepa."

UMENENEPA! Mbele ya padri!

Mabuti yake Korbinian alikuwa ameyavua, ameyaweka kando ya jiko yapate joto. Nikayachomeka kwenye theluji nje, saa nzima. Plastiki imekuwa jiwe kwa baridi.

Sasa hivi yuko sakafuni, jasho linamtoka, kisigino hakiingii.

Nimemwinamia nikamwambia, "Shemeji, buti halina kosa."