Neno Lililonileta Canton

Guangzhou, 14 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Anatory,

Mfikishie mama shikamoo yangu kwanza, ndipo uendelee kusoma. Mgongo wake unaendeleaje? Nawe u mzima? Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu. Nasikia senene wameanza kuanguka huko Bukoba, jamani, msinimalizie.

Uliwahi kuniuliza tasnifu yangu inahusu nini, nikakukwepa. Inahusu neno moja la Kiingereza cha mitaani, la zamani: “crimp”. Cheka tu. Miaka minne kwa neno moja! Huko London lilikuwa jina la wakala aliyewalewesha mabaharia na kuwatia melini. Walipozinduka, nchi kavu haionekani. Baadaye likafika hapa Guangzhou, enzi hizo Wazungu wakipaita Canton, wakaitwa hivyo waliowarubuni Wachina kupanda meli za kwenda Kuba na Peru, kufanyishwa kazi kama watumwa. Asili yake wataalamu bado wanabishania, ingawa wapo wanaolihusisha na kubana. Kilichonikosesha raha ni kusoma kwamba baadhi ya mawakala walikuwa wa kijiji kimoja na waliorubuniwa.

Ufadhili wangu ulikatika mwaka jana, sikuwaambia. Nikaajiriwa na Byron, Mkenya mwenye ofisi ya mizigo hapa mjini, mtaa wa Dengfeng. Alichukua pasipoti yangu, akidai anashughulikia viza. Tangu hapo nafunga marobota ya nguo, nayasindikiza bandarini Nansha, nalala stoo. Simu yangu anaikagua yeye, ndiyo maana barua hii nimempa Chausiku, mfanyabiashara anayerudi Dar. Kila nikiomba pasipoti, Byron hunijibu kwa upole kwamba nimletee kwanza wa kushika nafasi yangu, tena awe ndugu, kwani ndugu hatoroki akamwacha mwenzake matatani.

Anatory, ile barua ya mwaliko, na sifa zote za kazi nzuri na chumba chenye kiyoyozi, niliitunga mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuchagua wewe kwa sababu najua hungeniacha. Naona aibu.

Tiketi ichane. Nenda kwa mwalimu mkuu ukaombe kurudishiwa kazi yako kabla hajampa mwingine. Mama mwambie masomo yamenichelewesha.

Wasalimie wote nyumbani, hasa shangazi Agape. Jumamosi nitakupigia, Byron akiwa amekaa pembeni yangu. Nitakubembeleza, na pengine nitalia kweli. Usije.

Ni mimi kaka yako,
Wilbard