Firigisi ya Mganga

Rachael, nilikuwa napanga nguo za mume wangu Wekulo za kulazwa hospitalini, mwenyewe akaingia na yule mganga wa Kawangware. Na mkebe wenye kipande cha nyama.

"Mama Purity, toa hizo nguo kwa begi. Saratani ya neva za tumbo nimeivuta kwa kitovu, bila kisu," mganga akasema.

Kwa kitovu!

Unajua sihukumu mtu haraka. Nikakiosha hicho kinyama, nikakipasua. Ndani kulikuwa na punje ya mahindi. Firigisi ya kuku, Rachael! Mvivu hata wa kusafisha uongo wake.

Nikamshika Wekulo tumbo. Uvimbe uko palepale.

"Hiyo ni nyumba tu. Mpangaji amehama. Sipasuliwi Alhamisi," Wekulo akasema.

Na daktari alisema tukichelewa uvimbe hautatoleka!

Wekulo ametoa nguo zote kwa begi. Nimerudisha shati na sabuni. Zingine kesho, akiniruhusu.