Miezi Miwili Iliyobaki

Mbinga, 9 Agosti 1996

Baba Tunu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi ni kali. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie, dukani wateja hawakatiki, na vitenge vimekwisha vyote.

Nimesikia kwamba huko Lundo ulikofuata dagaa umepeleka posa. Sikulaumu. Tangu nimzae Abdulazizi nimehamia chumba cha watoto, nawe ukaamini nimekuchoka. Sikukuchoka. Mkojo unanitoka wenyewe nikikohoa, nikiinua ndoo, hata nikicheka. Niliona heri unione nina kiburi kuliko uamke kwenye godoro lililolowa. Hata swala nimeiacha, maana udhu haukai.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Sista Gaudiosa, aliniuliza, "Mama, umekaa na hali hii muda gani?"

"Miaka miwili," nikamjibu, nikalia.

Akanifundisha kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, nihesabu hadi kumi, niachie, nirudie, kila siku kwa miezi mitatu. Nabana nikiwapimia wateja sukari dukani, nabana nikipika. Bado nalowa, lakini juzi nilipiga chafya mbele ya wateja nikabaki mkavu.

Baba Tunu, nakuomba unisubiri miezi miwili iliyobaki kabla ya kufunga ndoa. Kama umeshaoa, usiniandikie sasa. Niache kwanza nimalize mazoezi.

Mkeo,
Hafidha